Kopo la Heshima

Mzee Pamba hakuwahi kuitwa kwenye kikao chochote maishani mwake isipokuwa vile vya kusuluhishwa na mkewe, na hivyo navyo vilikuwa vichache, maana mkewe hakupenda watu wa nje wauonje ugomvi wao. Kwa hiyo siku alipoambiwa kwamba yeye ni mdau, kitu cha kwanza alichouliza ni kama kuna kosa alilofanya.

Aliyemletea habari ni Jembe, mchimba makaburi. Jembe alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini lilikwisha kusahauliwa, na yeye mwenyewe hakulidai. Alimkuta mzee pale anapokuwa kila asubuhi, kwenye kaburi la mkewe karibu na ukuta, akiondoa majani ambayo jana yake alikwisha kuyaondoa.

“Mdau ndiyo nini?” mzee aliuliza.

“Mtu ambaye jambo linamhusu.”

“Jambo gani?”

“Makaburi yamejaa. Halmashauri inataka wananchi wakae, wapime cha kufanya.”

“Hilo linamhusu kila mwenye pumzi.”

“Ndiyo, mzee wangu, lakini wengine kuwapata ni kazi. Wewe kila nikiinua kichwa nakuona.”

Ndivyo Mzee Pamba alivyokuwa mwakilishi wa wafiwa wa mji mzima. Hakuchaguliwa kwa hekima wala kwa maneno mazuri. Alichaguliwa kwa kuwa haendi mbali.

Kazi yake ilikuwa magodoro ya pamba, na jina lake lilitoka huko. Aliyafumua magodoro yaliyoshindiliwa na migongo ya watu miaka mingi, akaianika pamba juani, akaichambua kwa mikono, akaipiga kwa fimbo mpaka ikafura kama unga uliotiwa hamira, kisha akaijaza upya. Mkewe ndiye aliyeshona. Pande tatu za godoro angeweza kushona mtu yeyote. Upande wa nne, ule wa kufungia, mkewe hakumwachia mtu. Alisema mkono wa mwanamume huacha vinundu, na mteja akilalia kinundu usiku kucha, asubuhi hakilaani kinundu, humlaani fundi.

Walifanya kazi hivyo, huyu akipiga na yule akifunga, mpaka wakapata binti, mpaka binti akaolewa mji mwingine, mpaka magodoro ya sponji yakajaa madukani na wateja wao wakabaki wazee wenye migongo mikaidi. Watu wakawaambia sponji imeiua kazi yenu. Mkewe akajibu kwamba sponji haijaua kitu, inamkunja mtu tu akiwa bado hai.

Kisha mkewe akaugua. Hakuugua muda mrefu. Akafa.

Mzee Pamba hakusema mengi. Watu walikuja kumpa pole, akawaitikia, wakaenda zao. Godoro lililokuwa kwenye chumba cha kazi likabaki limeshonwa pande tatu. Mwenye godoro alikuja kuliulizia, akaja tena, na safari ya mwisho akautazama ule upande ulio wazi, akasema hana haraka nalo.

Sasa, kulikuwa na shida ya kaburi. Mkewe alizikwa mwisho wa mstari. Upande mmoja ni ukuta, upande wa pili palikuwa na nafasi moja tupu. Siku ya maziko mzee aliiona nafasi ile, akaipenda papo hapo, kama mtu anayeingia ukumbini akaona kiti kitupu karibu na mtu wake. Hakumwambia mtu. Hakujua kwamba nafasi ya kaburi huombwa ofisini. Alidhani kila mwenye macho anaona kwamba pale ni pake.

Udongo wa mkewe haujakauka vizuri, akafa Bibi Mkaa, akazikwa palepale.

Bibi Mkaa alikuwa jirani yao, muuza mkaa. Yeye na mke wa Mzee Pamba walinuniana tangu ujana, tangu siku vumbi la mkaa lilipoiangukia pamba iliyoanikwa, na Bibi Mkaa akasema vumbi halina mwenyewe. Toka hapo hawakusalimiana. Wakiwa na neno walilipitisha kwa Mzee Pamba. Mwambie huyo wa mkaa moshi wake unaingia ndani. Mwambie huyo wa pamba afunge dirisha. Mzee aliyabeba maneno hayo huku na huku kwa miaka yote ile, akiyapunguza makali njiani. Sasa wanawake wale walilala bega kwa bega, na hapakuwa na wa kuwapelekea ujumbe.

Kulia ukuta, kushoto Bibi Mkaa. Ikabaki nafasi moja tu karibu na mkewe, nayo ni ya juu.

Wazo hilo alilipata kwa Jembe bila Jembe kujua. Jembe alikuwa akisimulia kwamba kuna miji ambako watu huzikwa mmoja juu ya mwingine, baba chini, mwana juu, ardhi ikiwa haba. Wengine waliokuwa wakisikiliza walitema mate. Mzee Pamba hakutema. Alirudi nyumbani nalo wazo lile, akalala nalo, akaamka nalo, na akaona haya kama kijana aliyekutwa dirishani kwa watu.

Basi siku ya kikao ikafika.

Kilifanyika darasani, wakati wa likizo. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu, kila mmoja amepungua umri bila kupungua uzito. Alikuwepo mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo, ambayo uwanja wake wa mpira umepakana na makaburi upande wa bondeni. Alikuwepo Mama Kisima, anayeuza maji ya kisima chake kilicho bondeni, chini ya makaburi, jambo ambalo wateja wake hawapendi kukumbushwa. Jembe alikuwepo. Waliobaki walikuwa watu wa mtaa, wenye maduka na wasio nayo, walioitwa ili madawati yasibaki matupu.

Aliyewaita alikuwa binti wa halmashauri, msomi, mpole wa sauti, aliyekuja na makopo manne matupu ya maziwa na mfuko wa maharage. Kabla ya chai watu walikwisha kumpa jina. Mama Mizani.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kuhudhuria semina.

Mama Mizani alieleza, na alieleza vizuri, haki yake apewe. Njia ziko tatu, alisema. Ya kwanza ni kuyafunga makaburi haya na kuanza mapya kwenye shamba lililo nje ya mji. Ya pili ni kuuchukua uwanja wa shule. Ya tatu ni kuzika juu ya makaburi yaliyopo. Aliposema ya tatu darasa zima liliguna. Mama mmoja alishika kifua. Mzee Pamba naye aliguna, kwa sababu wote waliguna, na moyoni akasema hiyo ndiyo yangu.

Kisha akayapanga makopo mezani. Kila kopo lilikuwa na kigezo chake, na kwa ajili ya wasiosoma lilichorwa picha. Sarafu ilikuwa gharama. Tone lilikuwa usafi wa maji. Kiatu kilikuwa umbali. Mikono miwili iliyokutana ilikuwa heshima kwa marehemu. Wataalamu walikwisha kuzipa njia zote tatu alama kwa kila kigezo, zikaandikwa kwenye ubao wa miguu mitatu uliosimama mbele, ipi ni rahisi, ipi inachafua maji, ipi iko mbali, ipi inawavunjia marehemu heshima. Kilichobaki ni wananchi kusema kigezo kipi kina uzito kuliko kingine. Kila mdau angepewa maharage kumi ayagawe kwenye makopo apendavyo. Kopo lenye maharage mengi ndilo zito. Mwisho yote yangepigiwa hesabu, na njia itakayoongoza ingepelekwa kwa wakubwa.

Watu walielewa. Hapakuwa na ugumu. Mama Mizani akauliza nani ataanza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibiwa na adabu. Mwalimu mkuu alisema haiwezekani kumtangulia mzee. Wote wakaitikia kwamba haiwezekani.

Mzee Pamba akasimama na maharage yake kiganjani. Alijua anakotaka kuyatia. Alikuwa amepiga hesabu yake kimyakimya, kwenye gharama na kwenye umbali, maana huko ndiko njia ya tatu ilikokuwa na alama nzuri, na kwenye heshima asitie hata moja, maana huko ilikuwa na sifuri. Lakini macho yote yalikuwa mgongoni mwake. Mwakilishi wa wafiwa, mgane ambaye hata mwaka haujamwishia, alipite kopo la heshima mkono mtupu? Mguu ulikataa. Alisimama mbele ya ile mikono miwili iliyochorwa, na kiganja kikafunguka chenyewe. Yote kumi yakaingia humo, yakilia kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Watu wakashusha pumzi. Mtu mmoja akasema, mzee ni mzee.

Mwalimu mkuu akafuata. Alikuja kikaoni kuutetea uwanja wake, lakini baada ya kitendo kile ungetiaje harage kwenye kopo la sarafu ukatembea mjini? Akatia yote kwenye heshima. Mama Kisima alisita na mkono wake juu ya kopo la tone. Akamwona Mzee Pamba anamtazama. Mzee alikuwa anautazama mlango, lakini Mama Kisima hakujua hilo, na mkono wake ukahama. Jembe akatia yote. Mwenye duka mmoja, ambaye tangu mji uanze hajawahi kutoa kitu bila kubakiza, siku hiyo alitoa yote.

Mama Mizani akapiga hesabu. Iliyoongoza ni njia ya pili, kuuchukua uwanja wa shule, kwa kuwa huko marehemu wangekaa karibu na wenzao na hakuna ambaye angesumbuliwa. Maji hayakuwa na uzito wowote. Umbali haukuwa na uzito wowote. Mwalimu mkuu alitazama nje dirishani, kwenye magoli yake mawili. Alikuwa ameutoa uwanja kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa maharage ya halmashauri. Mama Kisima alikuwa amekiuza kisima. Na Mzee Pamba alikuwa amempigia mkewe ukuta wa pili.

Hakuna aliyelalamika. Walipigiana makofi.

Mama Mizani hakupiga. Aliyainamisha makopo matatu moja baada ya jingine, akachungulia ndani, hayakuwa na kitu. Akakaa.

“Kosa ni langu,” alisema. “Nilitaka maoni ya watu wote. Nimepata ya mtu mmoja na mwangwi wake.”

Akasema watarudia. Safari hii makopo yatakaa nyuma ya ubao, na kila mtu ataingia peke yake. Lakini kwanza kila mmoja aseme kinachomuuma, kwa mdomo wake, bila kutafuta maneno mazuri. Nani aanze?

“Aanze mzee,” mtu alisema kwa mazoea, na darasa likacheka.

Mzee Pamba hakucheka. Alikuwa amekwisha kuchoka na heshima yake mwenyewe. Akasimama, akashika dawati.

“Mimi nataka kuzikwa juu ya mke wangu.”

Kicheko kilikatika. Mama aliyeshika kifua akakishika tena.

“Mzee,” mwalimu mkuu alisema polepole, kama anayemsahihisha mtoto asiye wake, “hiyo si ndiyo njia ya tatu? Si ndiyo uliyoiangusha wewe mwenyewe?”

“Ndiyo hiyo.”

“Sasa kwa nini?”

“Niliona haya.”

Halafu Mama Kisima akasema kwamba kama ni siku ya kuvua nguo, basi yeye naye anavua. Alitia maharage kwenye heshima huku roho inamuuma, maana marehemu anawaheshimu sana, lakini wakisogezwa bondeni watakuja kwake na ndoo. Mwalimu mkuu akasema uwanja ule ndio pekee unaowaweka vijana mbali na mabaa. Jembe akasema yeye shida yake ni miguu, shamba la nje ya mji ni mbali, na jeneza halimsubiri mchimbaji. Mwenye duka akakiri kwamba alitaka gharama tangu mwanzo na anashangaa hakuna aliyemshuku.

Wakaingia nyuma ya ubao mmojammoja. Makopo yakalia sauti nne tofauti. Hesabu ikapigwa.

Iliyoongoza safari hii ni njia ya kwanza, shamba la nje ya mji. Haikuwa chaguo la mtu hata mmoja. Ilikuwa chaguo la pili la kila mtu, na kumbe kwenye mizani ya aina ile hivyo ndivyo ushindi unavyopatikana. Mwalimu mkuu akabaki na magoli yake. Mama Kisima akabaki na maji yake. Jembe akaanza kuulizia bei ya baiskeli.

Makaburi ya zamani yangefungwa. Mzee Pamba siku yake ikifika angepelekwa shambani, akalale na watu asiowajua, umbali wa safari ya gari. Alisikia hayo akiwa amekaa kwenye dawati la mtoto, akachukua kofia yake.

Ni Mama Kisima aliyesema ngoja kwanza. Aliuliza kama huyu mzee mmoja akiruhusiwa, kuna atakayeumia. Mama Mizani, ambaye hakuweza kuona swali akaliacha bila kulipima, akayarudisha makopo mezani. Haya, maji? Mama Kisima akamtazama mzee juu mpaka chini, akasema mtu mwenyewe mkavu kama ukuni, hana cha kuchuruzisha, yeye na kisima chake wanamruhusu. Gharama? Halmashauri ingeokoa kipande cha shamba. Umbali? Anaenda pale kila siku kwa miguu yake, ingekuwa ni kumpunguzia safari. Jembe akaongeza, bila kuulizwa, kwamba lile kaburi lina kina cha kutosha watu wawili, yeye hachimbi mashimo ya viazi.

Likabaki kopo la heshima. Kila mtu akalitazama, hakuna aliyelisogelea.

Mama Mizani alifikiri. “Hili si letu kulipima,” alisema. “Ni la jamaa wa marehemu.”

Wakakubaliana hivyo. Mume au mke ataruhusiwa kuzikwa juu ya mwenzake, jamaa wa aliye chini wakija ofisini kuridhia. Mkewe Mzee Pamba alikuwa na jamaa mmoja tu aliye hai, binti yao. Na binti yao hakuwa na habari ya lolote.

Hilo halikudumu. Simu zina miguu. Habari ilitoka kwa mwenye duka, ikapita kwa shemeji yake, ikabadilika rangi kila ilipopumzika, na ilipofika kwa binti ilisema baba yake amepita mbele ya halmashauri akaomba mama yake afukuliwe. Binti akapanda basi la kwanza.

“Baba, nimesikia unataka kumfukua Mama.”

“Sitaki kumfukua. Nataka kulala karibu naye.”

Akamweleza. Maelezo yake yalikuwa mafupi, kama kawaida yake, na binti alipoyaelewa hakupoa, alizidi. Alisema alikuwa na mpango wa kumchukua baba yake akaishi kwake, na wakati ukifika azikwe huko, awe karibu na wajukuu. Alisema watu watawacheka. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni.

“Mama alifanya kazi na wewe maisha yake yote. Mwache apumzike.”

Mzee Pamba aliona kwamba neno lilikuwa la kweli. Aliinuka akaenda uani kupiga pamba ambayo haikuhitaji kupigwa. Chakula walikula wakiambiana pitisha chumvi.

Asubuhi mzee alivaa kofia akatoka. Binti akamfuata nyuma, mbali kidogo, kama watu wasiojuana. Hakuwa amefika kaburini tangu siku ya maziko. Alisimama mbele ya kibao cha mama yake. Kisha jicho likateleza likaenda kwenye kibao cha pili, akakisoma, akarudi akakisoma tena.

“Huyu ni yule?”

“Ndiye.”

“Wamemweka hapa?”

“Alikuja mwenyewe.”

Binti akakaa chini, akacheka. Alicheka mpaka akafunika uso, na alivyoendelea kile kicheko kikaacha kuwa kicheko. Mzee hakumgusa. Alichuchumaa akang’oa majani, na yalipoisha akaendelea kung’oa mahali pasipo na kitu. Binti alipotulia alifuta uso kwa ncha ya kanga, akauliza kwa nini hakuiomba ile nafasi mapema, kabla ya Bibi Mkaa.

“Nilidhani wanajua.”

“Wangejuaje, Baba? Wewe kuna siku umewahi kumwambia mtu kitu?”

“Mama yako alikuwa ananisemea.”

Binti alikaa pale, mama yake mbele yake, kati ya ukuta na mkaa, mpaka jua likawafikia. Halafu akasimama, akakung’uta nguo, akauliza ofisi hizi huwa zinafunguliwa saa ngapi.

Mama Mizani aliwapokea vizuri. Meza yake ilikuwa na makopo yake manne, sasa yakiwekewa kalamu. Aliwapa viti, akatoa karatasi, akasoma kwa sauti ili mzee asikie, kisha akamgeukia binti.

“Kwa niaba ya marehemu, unaridhia?”

Binti alikaa kimya kitambo, hata Mzee Pamba akaanza kuizungusha kofia magotini. Alikuwa amemsikia mkewe akikaa kimya namna hiyohiyo kabla ya kutaja bei.

“Mama angekubali,” binti alisema. “Lakini angetoa masharti.”

Mama Mizani akachukua kalamu. Masharti aliyapenda.

“Aje, ila asije na haraka. Pale mama kapata nafasi ya kujinyoosha kwa mara ya kwanza, amwachie aifaidi. Na akija asianze kukoroma siku ya kwanza.”

Mzee aliangalia kofia yake. Mabega yalimtikisika kidogo, na haikujulikana ni kwa lipi.

Mama Mizani akasema sharti la kwanza ataliandika, la pili liko nje ya uwezo wa halmashauri. Akaandika. Kisha akasita, akakohoa, akaomba radhi mapema. Karatasi ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoomba vizimba sokoni, na ofisi haikuwa na nyingine. Mwishoni ilikuwa na mahali pa kujaza tarehe ambayo mwombaji ataanza kutumia eneo. Yeye mwenyewe anaona aibu kuuliza, lakini pakibaki wazi wakubwa hawatapitisha.

Mzee Pamba akamtazama binti yake.

“Andika ataarifu mwenyewe,” binti alisema.

Mama Mizani akaandika hivyohivyo, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, akapiga muhuri.

Walipotoka, barabara ilikuwa na magari machache. Mzee alitaka kuvuka. Binti akamshika kiwiko, akamwambia asubiri, kuna gari. Gari lilikuwa mbali sana, dogo kama harage. Mzee akasubiri. Gari likaja, likapita, vumbi likatulia, na ndipo walipovuka.